Chuma cha Baba Miran

Juni 9
Mwalimu Ha ametuagiza sisi wanafunzi wake, mabibi kumi na mmoja, tuandike kila siku, hata mstari mmoja, mpaka darasa lifungwe mwisho wa Agosti. Jina langu ni Cha Bunim. Nina miaka sabini na minane. Nilianza kusoma mwaka juzi. Leo tumeng'oa vitunguu saumu. Mgongo unaniuma.

Juni 10
Vitunguu saumu. Mgongo.

Juni 12
Mume wangu, Tak Jongdae, baba yake Miran, amenikuta naandika. Akauliza, "Barua ya nani hiyo? Ya mahakamani?"
Nikamwambia ni kazi ya Mwalimu.
"Mwalimu wako atakuja kung'oa vitunguu?"
"Akija, wewe utampikia?"
Akacheka kwa pua, akaenda kulala. Akicheka kwa pua ujue hajakasirika sana.

Juni 13
Joto. Nusu ya shamba bado. Redio inasema mvua zitawahi mwaka huu. Vitunguu vikinyeshewa vikiwa ardhini vinaoza. Baba Miran hazungumzi, anang'oa tu.

Juni 16
Mwalimu, nisamehe mwandiko. Naandikia juu ya goti.

Juzi ilikuwa siku ya darasa. Nilimwambia Baba Miran nitarudi saa nne asubuhi. Darasani nikaitwa nisome mbele ya wenzangu nilichoandika kuhusu kuku wangu, wakanipigia makofi, tikiti likakatwa, nikakaa. Nilitoka saa tano na nusu.

Shamba letu la juu lina mteremko. Siku zote Baba Miran akishusha pawatila, trekta letu dogo la mkono, yenye tela lililojaa, mimi hutembea nyuma nikiwa na jiwe. Akisimama, naweka jiwe chini ya gurudumu. Ndiyo kazi yangu, miaka ishirini sasa. Siku ile hakunisubiri, maana alikuwa anaangalia mawingu. Alisimamisha pawatila katikati ya mteremko arudishe fungu lililobingirika mbele, ikateleza, ikamfuata, ikamlalia mtaroni.

Nililiona kwanza tela likiwa limeelekeza magurudumu juu. Halafu kofia yake. Yeye alikuwa kwenye tope mpaka kifuani na pawatila juu ya paja lake. Alikuwa na fahamu zake. Akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba maji, "Mama Miran, zima injini kwanza."

Nikaizima. Nikapiga kelele mpaka wakaja watu. Mfupa wa paja ulikuwa umetoka nje. Damu na tope vilikuwa rangi moja.

Tuko mjini Daegu, hospitalini. Walimfanyia upasuaji saa sita mfululizo. Mbavu nne zimevunjika pia. Ameongezewa chupa tano za damu za watu nisiowajua. Nimekaa nikijiuliza ni nani hao, nikawainamia kichwa mmoja mmoja, mara tano.

Juni 17
Amefungua macho. Akasema, "Vitunguu." Akafumba.

Juni 18
Miran amekuja kutoka Busan. Ni mwanetu wa pekee, anafanya kazi posta. Ameleta nguo na slipa. Hakuniuliza nilikuwa wapi siku ile. Afadhali angeuliza.

Juni 19
Hapa ndugu wa mgonjwa hulala kwenye benchi fupi chini ya kitanda chake. Mimi ni mfupi, linanitosha.

Nesi aliacha karatasi ya majibu ya damu mezani. Nikavaa miwani. Mwaka juzi karatasi ile ingekuwa kwangu kama njia ya mchwa. Leo nimesoma. Maneno mengi siyajui lakini "chuma" nalijua, Mwalimu alitufundisha siku ya majina ya vyombo. Chuma: 12. Pembeni wameandika kuwa kwa mtu mzima kianzie 60. Kuna mshale unaotazama chini.

Nikamtazama. Midomo yake imekuwa rangi ya tui. Nikajua kwa nini.

Juni 20
Daktari wetu anaitwa Noh. Ni msichana, ana umri wa mjukuu ambaye Miran hakunizalia. Anabana nywele kwa kalamu na anakula akiwa amesimama. Asubuhi nilimkamata mlangoni.

"Daktari, chuma chake ni kumi na mbili."
Akageuka. "Mama, unasoma majibu?"
"Nasoma darasa la pili. Mpeni chuma."
"Siyo sasa, Mama."
"Kwani kimekwisha hospitali nzima?"

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akasema hivi, naandika neno kwa neno: "Chuma chake hakijapotea chote. Mwili umekificha. Mtu akiumia vibaya, mwili unaficha chuma chake makusudi, wadudu wa maradhi wasikipate. Tukimmiminia sasa, huenda tukawalisha wao." Mara akaitwa, akaondoka mbio.

Nimeyaandika lakini sijayaamini. Mtu amepauka kama karatasi, halafu mwili wake mwenyewe unamfichia dawa? Mwenye njaa anaficha bakuli lake?

Juni 21
Nimenunua supu ya damu ya ng'ombe sokoni nyuma ya hospitali. Daktari Noh ameruhusu, amesema ni chakula kizuri. Baba Miran kanywa vijiko viwili.
"Imepoa," akasema.
"Nikaipashe?"
"Hata ikiwa moto itakuwa imepoa."

Mchana akaja Kutsun, jirani yangu, tunayesoma naye benchi moja. Amekuja kwa basi na debe la kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha. Habari za nyumbani: kijiji kizima kinang'oa vitunguu vyetu. Kisha akanivuta chooni, akatoa kitambaa. Ndani yake vidonge vyekundu.

"Vya chuma," akanong'ona. "Mjukuu wangu alipokuwa mjamzito alikuwa anaanguka kama jogoo mwenye kideri. Kanywa hivi mwezi mmoja, akapanda mlima."
"Daktari amekataa."
"Daktari amezaliwa lini? Mumeo ni wa daktari au ni wako?"

Nikapokea.

Juni 22
Viwili kwa siku. Navisaga kwa mgongo wa kijiko na kuchanganya kwenye uji wa mchele. Uji unabadilika rangi kidogo. Naweka mchuzi wa soya juu.

Juni 24
Viwili. Amekula wote.

Juni 25
Mvua zimeanza. Kutsun amepiga simu, wamemaliza shamba la chini. Shamba la juu limeloa.

Karatasi mpya. Chuma: 9.

Siku nne namlisha chuma na chuma kinashuka! Nimeisoma mara tatu. Kesho nitaweka vitatu.

Juni 26
Homa. Jeraha la paja limevimba na linanuka. Daktari Noh aliminya, ukatoka usaha. Wamebadilisha dawa kwenye dripu. Sikuweka vitatu. Nimeweka viwili.

Juni 27
Homa. Ananiita kwa jina la mama yake.

Juni 28
Naandika haya nikiwa kwenye ngazi, sitaki Miran aone.

Asubuhi nesi alimsafisha, akatoka na uso mwingine. Choo chake ni cheusi, cheusi kama masizi. Na damu imeshuka tena. Wakaja madaktari watatu. Nilisikia wakisema huenda tumbo linavuja damu ndani. Daktari Noh akamkalisha Miran chini: itabidi waingize mpira wenye kamera kupitia mdomoni mpaka tumboni, leo hii. Mbavu zake zimevunjika, anapumua kwa shida, na ana homa. Dawa ya usingizi inaweza kumzidi. "Lakini kama anavuja damu, hatuwezi kungoja," akasema. Akampa Miran karatasi ya kutia sahihi.

Mimi nilikuwa nimesimama na kijiko mkononi.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilificha dawa. Nilimwona Miran anavua kifuniko cha kalamu. Nikajiambia: Bunim, siku ile ulichelewa saa moja na nusu. Leo usichelewe.

Nikasema, "Ngojeni."

Nikakitoa kitambaa kifuani, nikakifungua juu ya kitanda. Vilikuwa vimebaki vinane. Miran alivitazama kana kwamba nimetoa nyoka.

"Ni nini hivi, Mama?"
"Chuma. Nimekuwa nikimwekea kwenye uji. Wiki nzima."
"Mama! Daktari si alikwambia?"
"Aliniambia. Nikaandika kabisa."

Daktari Noh hakunifokea. Alichukua kidonge kimoja akasoma maandishi yake. "Viwili kwa siku? Tangu tarehe ngapi?" Nikamwambia. Akamgeukia nesi: "Pimeni choo kama kina damu. Sasa hivi." Kwa Miran akasema, "Weka kalamu chini kwanza, dada."

Tulingoja. Mvua ilikuwa inapiga dirisha. Miran alinipa mgongo. Nikamtazama Baba Miran, macho yake yalikuwa wazi. Sijui alikuwa ameyafungua tangu lini.

Majibu yakaja: hakuna damu. Weusi ule ulikuwa wa vidonge vyangu. Mpira hautaingizwa. Badala yake wakampeleka kufungua paja upya na kuosha usaha, na huko ndiko aliko sasa.

Nimemuua au nimemwokoa? Sijui. Naandika ili mkono uwe na kazi.

Juni 29
Yu hai. Wametoa nyama iliyooza na, amesema Daktari Noh, punje ya mchanga wa shamba letu iliyojificha kwenye mfupa.

Juni 30
Leo Daktari Noh amekuja baada ya chakula cha mchana, akaketi kwenye benchi langu. Ni mara ya kwanza namwona ameketi. Nikampa kimchi ya Kutsun, akaila kwa vidole.

Nikamuuliza, "Ni mimi niliyewalisha wadudu?"

"Sidhani," akasema. "Siwezi kuapa. Ila tope lilikuwa mfupani tangu siku ya kwanza, na vidonge vyako, Mama, karibu vyote havikuingia."
"Alivimeza. Nilimwona."
"Kumeza alimeza. Vikafika utumboni, vikabisha hodi, havikufunguliwa. Ndiyo maana vilitoka vyeusi hivyo."

Nikamtazama kama mjinga. Akachukua karatasi ya orodha ya chakula, akaigeuza, akachomoa kalamu kichwani, nywele zikamwagika, akachora. Hili ini. Huu utumbo. Huu wengu. Akasema: mtu akiumia, ini linatuma neno. Neno lenyewe ni kitu kidogo mno, linaelea kwenye damu, na kila linapofika linasema jambo moja tu: fungeni. Utumbo unafunga mlango wake, hata ule nyama, hata unywe vidonge. Ini na wengu, vilivyo na chuma cha akiba, navyo vinafunga. Chuma kilichoko njiani kinaokotwa na kuwekwa ndani. Njia zinabaki tupu. Wadudu wakiingia kwenye jeraha wanatafuta chuma ili wazaliane, wanatafuta, hawakioni.

"Na yeye mwenyewe je? Si anakihitaji?"
"Anakihitaji sana. Ndiyo maana amepauka. Mwili umekubali apauke kwa muda."

Nikavaa miwani, nikatoa karatasi ya majibu niliyoikunja mara nne. Chini ya chuma kuna namba nyingine ambayo sikuwahi kuiuliza. 1,150. Mshale wake unatazama juu.
"Basi hii ni nini? Huku kumekauka, huku kumefurika."
Akaigonga ile namba kwa kalamu. "Hiyo ndiyo ghala, Mama. Umeisoma mwenyewe."

Nikauliza nani aliliambia ini. Akasema hakuna aliyeliambia. Lilijua tangu dakika zile za mtaroni. Ng'ombe wanalijua, panya wanalijua, samaki mtoni wanalijua.

Nimekaa mpaka jua limehama dirishani. Nilikuwa pale mtaroni. Nililia, nilichakura tope kwa kucha. Na wakati huohuo, ndani ya mtu aliyekuwa amelaliwa na pawatila, kulikuwa na kitu kimetulia kinazunguka kufunga milango.

Julai 2
Sijalala vizuri. Nimemkumbuka mama yangu, na sijamkumbuka kwa uzuri kwa muda mrefu.

Mwaka wa vita nilikuwa na miaka kumi na miwili. Wanajeshi walipita kijijini kwetu, kwanza wa upande huu, kisha wa upande ule, kisha tena wa upande huu, na wote walikuwa na njaa. Mama alizika mtungi wa shayiri chini ya hori la ng'ombe, akarudishia samadi juu yake. Wakija anawafungulia jiko, ghala, mpaka chini ya mkeka. Hawaoni kitu. Lakini sisi nasi hatukuona kitu. Alituchemshia magome ya msonobari na mboga za kondeni. Mdogo wangu Chilbok alivimba miguu. Nilijua shayiri iko pale. Nilimlilia, "Mama, kikombe kimoja tu!" Akanipiga mdomoni. Alinipiga ili nisilitaje neno shayiri.

Walipokwisha kupita kabisa, akafukua. Chilbok ana miaka sabini na miwili, ana meno yake yote.

Sikumsamehe mama yangu kile kibao mpaka alipokufa. Leo asubuhi, kwenye benchi fupi, nimemsamehe. Tena msamaha si neno lenyewe. Nimeshangaa alijifunza wapi kuficha vile.

Julai 3
Homa imeshuka. Chuma: 11. Ghala: 1,090. Mvua.

Julai 4
Mvua. Miran ameniletea soksi kavu. Akasema, "Mama, siku nyingine uniambie." Nikamwambia sawa.

Julai 6
Leo Baba Miran amekaa kwenye mito. Nimemlisha uji, mweupe, hauna kitu. Akaonja.
"Leo hauna misumari."
Kijiko kikaganda mkononi. "Misumari gani?"
"Ule wa wiki ile ulikuwa na ladha ya msumari. Nilidhani sufuria yao ina kutu."
"Mbona hukusema?"
"Umenipikia miaka hamsini na sita. Nianze kulalamika nikiwa nimelala chali?"

Nikawa sijui nicheke au nilie. Nikaona nimalize yote siku hiyohiyo. Nikamwambia, "Siku ile nilichelewa. Nilikuwa nasomea watu habari za kuku. Ningekuwepo na jiwe..."

Akakisukuma kijiko pembeni. Mvua ilikuwa inanyesha.
"Hata wewe ungekuwepo, nisingekungoja," akasema. "Niliona mawingu, nikaona mimi ni kijana. Ungekuwa umeinama mbele ya gurudumu la lile tela na jiwe lako, lingekulalia wewe." Akavuta shuka. "Nimelala hapa nikiliwaza hilo kila siku, ndiyo maana sisemi."

Na mimi ukimya ule niliudhani wa hasira.

Julai 8
Kutsun amepiga simu kuomba radhi. Nimemwambia mlango ulifungwa, vidonge vyake vilirudishwa. Akasema, "Hata ini la mumeo ni kaidi kama yeye." Tumecheka mpaka nesi akachungulia.

Julai 11
Vitunguu vya shamba la juu vimeoza thuluthi. Vilivyobaki wamevitundika kibandani na feni inawashwa mchana kutwa. Baba Miran amesema, "Vilivyooza vimeoza." Sijawahi kumsikia akisema hivyo.

Julai 12
Chuma: 17. Ghala: 870.

Sasa wodi nzima inajua. Wanawake wanaouguza kwenye vitanda vingine wananiletea karatasi zao nizisome. Nawaambia mimi najua mistari miwili tu.

Julai 15
Chuma: 21. Bado amepauka, akisimama kwa kigari cha kutembelea anaona nyota. Nimemuuliza Daktari Noh kama sasa ampe chuma. Akasema, "Bado kidogo. Jeraha halijatulia. Unaweza kungoja, Mama?"
Nikasema, "Nilingoja shayiri." Hakuelewa, nikamweleza. Akasahau kupokea simu yake.

Julai 16
Mvua.

Julai 19
Kuna jambo leo ninataka kuliandika polepole.

Nilikuwa namkata kucha. Kwa mwezi mzima kucha zake zilikuwa nyeupe kama maganda ya yai, na mimi huziangalia kila siku, ndiyo saa yangu. Leo nilipokibonyeza kidole gumba na kukiachia, kulirudi wekundu kidogo chini ya ukucha. Nikabonyeza tena. Ukarudi tena. Nikasema, "Baba Miran, tazama." Akatazama. "Nini?" "Tazama tu." Akabonyeza mwenyewe. Tukabonyeza vidole vyote kumi.

Saa nane ikaja karatasi. Chuma: 38. Ghala: 560.

Hakuna aliyempa chuma. Hata chembe. Ni kilekile chake, kimetoka kilikokuwa. Nikamfuata Daktari Noh kwenye korido, nikamshika koti. "Nani amewaambia kwamba vita vimekwisha?"
Akasema, "Ini limenyamaza. Lilikuwa linasema fungeni, fungeni, usiku na mchana, mwezi mzima. Kidonda kilipotulia, likaacha kusema. Likinyamaza tu, milango inafunguka yenyewe."
"Hakuna anayetoa amri ya kufungua?"
"Hakuna, Mama. Kunyamaza ndiko kufungua."

Nimemwinamia. Akasema, "Usiniinamie mimi, mimi sikufanya kitu." Nikamwambia simwinamii yeye. Nilikuwa nimeelekea kitanda cha tatu dirishani, ambako mtu niliyeishi naye miaka hamsini na sita, ninayejua anavyokoroma na anavyochukia samaki wa kuchemsha, alikuwa anabonyeza kucha zake. Sikuwahi kujua ana vitu hivyo ndani. Na mimi ninavyo. Na wale watu watano waliotoa damu yao. Hata wale wanajeshi waliokuja kutafuta shayiri, kama kuna aliyepigwa risasi bondeni kwetu, ndani yake milango ilifungwa hivihivi, haikuuliza ni wa upande gani.

Julai 24
Mvua imekatika. Nimetundika soksi dirishani.

Julai 27
Ametembea mpaka mwisho wa korido na kigari, na kurudi. Alimkuta mzee mwingine ana kigari pia, wakatazamana kama majogoo.

Julai 30
Chuma: 64. Mshale umeondoka kwenye karatasi. Pale ulipokuwa hakuna kitu, ni peupe tu. Nimepagusa kwa kidole.

Daktari Noh ameandika vidonge vya chuma, vya kwake mwenyewe, vya kumeza akifika nyumbani, apate na kile kilichomwagika mtaroni. Amenipa mimi karatasi mkononi. "Mama ndiye wa dawa," akasema. Miran akatikisa kichwa, lakini alikuwa anacheka.

Agosti 6
Nyumbani. Nyasi zimefika kiunoni. Kuku wawili wameliwa na kicheche. Kutsun amepika tambi za baridi, watu wamejaa uani. Kila mmoja anataka aone kovu. Baba Miran analionyesha kama mtu anayeuza ng'ombe.

Agosti 7
Kidonge kimoja asubuhi. Kinywani mwake, si kwenye uji.

Agosti 13
Joto la kuua. Hatukufanya kitu.

Agosti 19
Pawatila imerudi kutoka kwa fundi. Baba Miran alikwenda kuitazama kwa magongo yake, akaizunguka mara moja, hakuigusa. Akaniambia tuiuze, tutakodi ya kijiji. Nikasema sawa. Tukakaa.

Agosti 26
Darasani wamenipokea kwa makofi. Nimesoma ukurasa wa Julai 19. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, ana miaka themanini na sita, alikuwa ameshika tumbo lake upande wa kulia kwa mikono miwili. Akamuuliza Mwalimu, "Ini liko hapa?" Mwalimu akasema ndiyo. Wote wakashika.

Agosti 30
Leo tulikaa barazani tunakata mizizi ya vitunguu, tunachagua vya mbegu. Nyenje wa mitini wanapiga kelele. Baba Miran ameweka mguu wake kwenye kigoda. Alikuwa anasimulia habari fulani ya mwaka wa mafuriko, kisu kikateleza, kikamkata kidole cha shahada.

Si kidonda cha kutaja. Lakini damu ikatoka, tone moja, likakua, likasimama juu ya ngozi bila kudondoka. Lilikuwa jekundu, Mwalimu, jekundu hata sijui niandike neno gani. Wote wawili tukalitazama.

"Unafikiri huko ndani wameshaanza kuficha chuma?" akauliza.
"Kwa kidonda hiki?"
"Huwezi kujua. Ini langu ni kaidi."

Nikakichukua kidole chake, nikakibana kwa kitambaa. Damu ya kidole hukatika upesi. Ilipokatika nilijua, maana kitambaa kiliacha kulowa, naye pia alijua. Hakuuvuta mkono wake, wala mimi sikuuachia. Akapita Kutsun na toroli lake, akatuona, mchana kweupe, barazani, akafungua mdomo aseme neno. Halafu akaufunga, akaenda zake.

Tulikaa hivyo mpaka kivuli kikafika kwenye vitunguu.